Keki ya krimu imekaa katikati ya sinia la Idi, lakini mkate wa mayai haujatoka

KATIKA miji yetu ya Pwani, tangu Vanga hadi Lamu, sinia la Idi limegeuka sura. Zamani mgeni aliyebisha hodi baada ya swala ya Idi alikaribishwa kwa kahawa chungu, halua, visheti, vileja na mkate wa mayai uliokatwa vipande vya pembe nne. Vitu hivyo bado vipo, lakini vimesogezwa kando. Katikati husimama keki ya tabaka mbili au tatu, imepakwa krimu nyeupe na juu yake yamepangwa matunda. Kwenye harusi mambo yamezidi. Usiku wa kupamba usio na keki ndefu ukumbini huonekana kama shughuli iliyopungukiwa na kitu.

Wazee wengi hawakupendezwa. Husema huu ni uzungu, na kwamba mabinti wa leo hawajui tena kupika mkate wa mayai. Vijana hujibu kuwa mambo huenda na wakati, na kwamba keki haikuharamishwa na mtu. Mabishano haya hurudi kila Mfungo Mosi na kila msimu wa harusi, na kila mara huishia pale pale yalipoanzia, kwa sababu pande zote mbili zinaangalia vazi na kumsahau mwenye kulivaa.

Ivue keki hiyo krimu yake na matunda yake. Ndani utaukuta mkate wa mayai, ule ule wa nyanya zetu. Kilichobadilika ni mavazi, na karibu taabu zote tunazozisikia siku hizi, za afya, za halali na haramu, na za madeni, zimetokana na mavazi hayo. Mkate wenyewe hauna kosa. Mtu akilifahamu hilo ataweza kuweka keki nzuri mbele ya wageni wake bila ya kuhatarisha matumbo yao, dini yake wala mfuko wake.

ASILI NI MOJA

Mkate wa mayai wa Pwani una vitu vitatu: mayai, sukari na unga wa ngano. Cha nne ni iliki, nayo ni ya harufu tu. Hautiwi siagi wala samli, na hautiwi hamira. Kinachouinua ni hewa. Mpishi huyachapa mayai pamoja na sukari mpaka yakawa meupe na mazito, yakazidi kiasi chake cha kwanza mara tatu. Povu lile limejaa vijipovu vidogo visivyo na idadi. Likiingia motoni, hewa iliyomo hutanuka, mayai nayo huiva na kushikamana kuizunguka, na mkate husimama.

Keki ya Kizungu ya aina hii hupikwa kwa njia hiyo hiyo. Waingereza huiita kwa jina la sifongo, kwa kuwa ukiikata utaona vitundu kama vya sifongo. Ile yenye siagi nyingi ilikuja baadaye, ilipopatikana bekingi pauda, yaani ule unga mweupe wa kuumulia keki. Bwana Alfred Bird, muuza dawa wa mji wa Birmingham, aliutengeneza unga wake mwaka 1843, kwa kuwa mkewe alikuwa akidhurika na hamira. Hapo ndipo wapishi wa Uingereza walipoweza kuchanganya siagi na keki isilale. Keki yao mashuhuri ya tabaka mbili zenye jamu katikati ilipewa jina la Malkia Victoria.

Basi mama wa Kale au wa Mkomani aliyekaa na mchapo wake akiyachapa mayai kwa mkono nusu saa nzima, kisha akauweka mkate motoni na kuupalia makaa juu na chini, hakuwa akifanya kazi duni. Alikuwa akifanya kazi iliyo ngumu zaidi. Hakuwa na pauda ya kumwokoa. Povu likianguka, mkate umeharibika. Moto wa chini ukizidi, mkate umeungua kabla ya kuiva katikati. Alipima kwa jicho na kwa pua, na hakukosea.

Liko jambo jingine alilolijua. Mkate wa mayai haukusubiri siku ya Idi. Ulipikwa katika siku za mwisho za Ramadhani, ukapoa, ukawekwa ndani ya mkebe uliofungwa vizuri. Asubuhi ya Idi, watu wanapotoka kuswali, mama hakuwa na haja ya kukaa jikoni. Kazi yake ilikuwa kukata na kupanga. Kwa kuwa mkate ule haukuwa na maziwa wala malai, haukuharibika upesi. Ulikauka kidogo, na ndiyo sababu ulikwenda vizuri na kahawa au chai ya maziwa.

Hili la kupika mapema ndilo lililoharibika keki ilipovaa krimu. Tumeendelea na desturi ya kumaliza kazi kabla ya siku yenyewe, lakini tumesahau kwamba kitu kinachomalizwa si kile tena.

JOTO LETU NA KRIMU YAO

Krimu ni neno jipya kwa kitu tunachokijua. Watu wa Pwani wamekuwa wakiyaita malai, yale mafuta yanayopanda juu ya maziwa. Krimu ya kuchapwa ni malai yenye mafuta kiasi cha asilimia 35 hivi. Ukiichapa ikiwa baridi, chembe za mafuta hushikana na kuizuia hewa, nayo husimama kama povu. Ikipata joto, chembe hizo hulainika, hewa hutoka, na keki huanza kutoa maji na kuteremka upande mmoja.

Hivi ni vitu vya nchi za baridi. Mombasa mwezi wa Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi, na hata usiku hewa haipoi sana. Tena tuangalie kalenda. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Idi hurudi nyuma mwaka hadi mwaka. Idi ya Mfungo Mosi mwaka 2024 ilikuwa tarehe 10 Aprili. Mwaka 2025 ilikuwa mwisho wa Machi. Ifikapo mwaka 2030 itakuwa imeingia mwanzoni mwa Februari. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi Idi yetu itakuwa ndani ya kaskazi, wakati wa jua kali kuliko yote.

Kuanguka kwa krimu ni aibu ndogo. Hatari kubwa ni ile isiyoonekana. Shirika la Afya Ulimwenguni limekuwa likifundisha kwamba chakula kinachoharibika upesi kisikae nje ya baridi zaidi ya muda wa saa mbili, na kwamba friji iwe chini ya nyuzi 5. Kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu huzaana kwa haraka. Kimoja kati yao, kiitwacho Staphylococcus aureus, hukaa katika ngozi na pua za watu wazima wa afya. Huingia katika krimu kwa mkono wa mpambaji, kikazaana, kikaacha sumu. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na aliyeila huweza kuanza kutapika baada ya saa chache tu.

Sasa fikiria usiku wa kupamba. Keki huletwa ukumbini baada ya Isha na kuwekwa karibu na jukwaa, chini ya taa kali, ili wageni waione na kuipiga picha. Bibi harusi huingia saa tano au saa sita ya usiku. Keki hukatwa baada ya hapo. Tangu ilipotoka kwenye friji ya mpishi mpaka ilipofika kinywani mwa mtoto, pengine zimepita saa tano. Watu wakiumwa matumbo siku ya pili, lawama huangukia biriani.

Wapishi wengi wameona ugumu huu na wameiacha krimu ya maziwa. Hutumia ile ya pakiti, ambayo nyingi yake hutengenezwa kwa mafuta ya mawese yaliyogandishwa. Hiyo husimama zaidi katika joto, na mpishi hatukanwi. Lakini ikichanganywa na maziwa nayo pia huharibika, ila umbo lake halikwambii kuwa imeharibika. Kusimama kwa krimu si dalili ya usalama wake.

NINI KIMO NDANI YA UREMBO

La pili ni la dini. Katika mkate wa mayai hapakuwa na swali. Yai, sukari, unga na iliki vyote vilijulikana vilikotoka. Katika urembo wa keki za leo maswali ni mengi, na mteja mara nyingi haulizi kwa kuona haya.

Kuna jelatini. Hiyo hutumiwa kuishikilia krimu, kung'arisha matunda juu ya keki, na kutengeneza zile peremende laini za rangi rangi. Hutolewa katika ngozi na mifupa ya wanyama, na sehemu kubwa ya jelatini ya ulimwengu hutokana na nguruwe. Ipo ya ng'ombe na ipo ya samaki. Pakiti ikiandikwa "jelatini" bila ya kutaja mnyama, Muislamu hajaambiwa kitu. Anayetaka kukaa mbali na shaka ana njia rahisi iliyomo katika jikoni zetu tangu zamani, nayo ni chaina grasi ya faluda, inayotokana na mwani.

Kuna vanila. Ile ya asili hutolewa kwa kuiloweka katika pombe. Sheria ya Marekani haikubali kioevu kuitwa dondoo la vanila kama pombe yake haifiki asilimia 35. Chupa nyingi za bei nafuu katika maduka yetu ni za harufu ya kutengenezwa, na nyingine hazina pombe, lakini hilo hujulikana kwa kusoma karatasi ya chupa tu. Maganda makavu ya vanila hayana shida hii. Nayo yana hadithi ya bahari yetu hii: aliyegundua namna ya kulichavusha ua la vanila kwa mkono, mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion, alikuwa kijana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius, na kutoka hapo kilimo hicho kikaenea hadi Madagascar. Lakini nani alisema keki lazima inukie vanila? Iliki na maji ya waridi zilitosha siku zote.

Kuna pia rangi. Nyekundu inayoandikwa E120 hutokana na wadudu wanaokaushwa na kusagwa. Wanachuoni wamekhitilafiana katika mambo kadhaa ya namna hii, na si kazi ya ukurasa huu kutoa fatwa. Kila mtu na amwulize shekhe wake. Lakini shekhe hawezi kujibu juu ya kitu ambacho mpishi mwenyewe hajui kimetengenezwa kwa nini. Hapa nchini iko Kenya Bureau of Halal Certification inayotoa alama ya halali kwa bidhaa, na mpishi mwenye busara huitafuta alama kabla ya kununua. Akifanya hivyo aseme waziwazi kwa wateja wake. Ni tangazo zuri kuliko picha kumi.

NANI ANALIPA

La tatu ni pesa. Keki hizi zimewapatia riziki wanawake wengi wa Pwani wanaopika majumbani. Mama aliyefunzwa na mamake kuchapa mayai, akanunua mashine ndogo na jiko la gesi, sasa hupokea maagizo kwa WhatsApp na kusomesha watoto. Hilo ni jambo la kushukuriwa, na anayezilaani keki zote kwa jumla na akumbuke kuwa analaani pia chungu cha jirani yake.

Lakini mama huyo amekaa mahali pembamba. Kenya huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya ngano yake, na Urusi na Ukraine zilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa. Vita vilipoanza Februari 2022 bei ya unga ilipanda hapa, mbali na mizinga. Mwaka 2023 miwa ilipungua magharibi ya nchi, viwanda vikasimamishwa kusaga kwa muda, na sukari ikawa ghali. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulitaka kuutoza mkate wa kawaida kodi ya asilimia 16. Pendekezo hilo liliondolewa mwezi wa Juni baada ya kelele za wananchi, na mswada wote ukaanguka, lakini watu walionyeshwa jinsi kitu cha ngano kinavyoweza kuguswa siku yoyote.

Kisha uko umeme. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, na tarehe 10 Desemba mwaka huo huo giza likarudi. Friji isiyofunguliwa huhifadhi baridi kwa muda wa saa nne hivi. Mama mwenye keki tatu za krimu ndani ya friji, zote za watu, huhesabu dakika. Akizipeleka zikiwa zimepata joto, amehatarisha watu. Akizitupa, amepoteza unga, mayai, malai, gesi na kazi ya siku mbili, na huenda asirudishiwe hata nusu yake. Mteja haoni hayo. Huona keki imechelewa.

Tumtazame mteja naye. Gharama ya mkate wenyewe si kubwa. Kinachopandisha bei ni urefu na urembo. Familia yenye kipato cha wastani huagiza keki ya tabaka tano kwa ajili ya picha, kwa pesa za michango au za kukopa, na baada ya shughuli vipande vyenye krimu nene hubaki katika sahani, vimeonjwa na kuachwa. Walima ni sunna, na kulisha watu ni kheri. Lakini israfu imekatazwa, na katazo hilo limo katika sura ya Al-A'araf, ambayo kila aliyepita chuoni ameisoma. Mwenye harusi anayeanza ndoa akiwa na deni la keki amefanya biashara mbaya.

MKATE JANA, KRIMU LEO

Dawa ya taabu hizi haihitaji kuikimbia keki. Yatosha kurudi kwenye desturi ya zamani na kuitumia kwa akili: kinachokaa kipikwe mapema, kisichokaa kitiwe mwisho. Hesabu yake ni nyepesi. Kwa kila yai moja, chukua gramu 30 za sukari na gramu 30 za unga. Kwa keki ya nyumba ya watu kumi au kumi na wawili, mayai sita, sukari gramu 180, unga gramu 180, iliki ya kusaga kijiko kimoja kidogo, na chumvi chembe. Asiye na mizani akumbuke kwamba sukari hiyo ni kikombe kimoja cha chai kisichojaa sana, na unga ni kikombe kimoja na nusu hivi.

Siku mbili kabla, au moja. Mayai yasiwe ya baridi. Yavunje ndani ya bakuli pamoja na sukari, weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto bila ya kuyagusa maji, chapa mpaka mchanganyiko uwe vuguvugu, kisha uondoe. Endelea kuchapa, kwa mashine dakika kumi, kwa mkono nusu saa, mpaka ukiinua mchapo uji unaotiririka uache alama juu kwa kitambo kabla ya kuzama. Chekecha unga juu yake mara tatu, na kila mara uchanganye taratibu kwa kijiko kipana, ukitoa chini na kuleta juu. Haraka ndiyo huua povu. Gawa katika vyombo viwili vya upana wa sentimita 20 vilivyowekwa karatasi chini, oka kwa nyuzi 180 kwa dakika 20 hadi 25. Wa jiko la makaa aweke makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Ukibonyeza kwa kidole na mkate ukarudi, umeiva.

Uache upoe kabisa. Ukiufunga ungali moto, mvuke utaurowesha na utaota ukungu upesi. Ukishapoa ufunge vizuri kwa karatasi ya nailoni au uuweke ndani ya mkebe. Utakaa siku mbili bila ya friji. Katika friza utakaa mwezi, na ukitolewa asubuhi utakuwa tayari kabla ya adhuhuri. Umeme ukikatika, hukupoteza kitu.

Siku hiyo hiyo pika shira ya kuulainishia: gramu 100 za sukari kwa gramu 100 za maji, chemsha mpaka sukari iyeyuke, tia iliki au maji ya waridi ikishapoa. Shira hii ndiyo dawa ya ukavu wa mkate usio na siagi, na hakuna haja ya pauda wala mafuta.

Matunda. Tunanunua matunda ya bara na ya ng'ambo kwa bei ya juu kwa kuwa tumeyaona katika picha, na maembe ya Malindi na Kilifi yanaanguka chini. Msimu mkubwa wa maembe ya Pwani ni kuanzia Novemba hadi Machi, na Idi yetu inazidi kuuingia msimu huo. Embe lililoiva lakini gumu, likatwe vipande vyembamba na kukaushwa maji kwa kitambaa safi, halina mfano juu ya krimu. Nanasi linataka tahadhari. Likiwa bichi lina kimeng'enya kinachoyakata maziwa, hivyo krimu huwa chungu na jelatini haigandi. Papai nalo lina tabia hiyo. Nanasi lipikwe kwanza na sukari kidogo mpaka likauke maji, na hapo kimeng'enya kitakuwa kimekufa. Pasheni hutiwa katika shira ikaleta ukali mzuri. Ndizi iachwe, kwa sababu huwa nyeusi.

Siku yenyewe. Chukua nusu lita ya krimu iliyolala ndani ya friji, bakuli na mchapo uviweke ndani ya friza robo saa, na kama jikoni mna joto, bakuli likae juu ya barafu. Chapa na vijiko viwili vya sukari, uache mara tu inaposimama, kwani ukizidisha utapata siagi. Rowesha tabaka la chini kwa shira, paka krimu, panga embe, funika kwa tabaka la pili, urudie juu. Mwenye friji ya kuaminika aweza kuijaza katikati usiku wa kuamkia, maana mkate hunywa utamu na keki huwa bora zaidi. Asiye nayo aipambe ndani ya saa mbili kabla ya kuliwa. Mikono ioshwe, na mwenye kidonda kidoleni asipambe.

KWA WENYE UKUMBI NA WENYE SHUGHULI

Kwenye harusi utaratibu huu unawezekana pia, ila watu wapange mapema. Keki ya kusimama jukwaani iwe ya aina kavu, iliyofunikwa kwa sukari, au tabaka zake za chini ziwe za bandia kama wanavyofanya wapambaji wengi. Bibi na bwana wakate hiyo. Ile ya krimu ya kuliwa na wageni ikae jikoni katika baridi, itolewe imekatwa pamoja na chai. Picha itapatikana, na watoto watalala salama.

Wapishi wa nyumbani nao wana biashara mpya wakiitaka. Wauze tabaka tupu za mkate wa mayai, zimefungwa vizuri na kuandikwa siku zilipopikwa, na mteja aende akapake mwenyewe kwake. Bei itakuwa nafuu kwa mteja, na hatari ya krimu haitakuwa tena juu ya kichwa cha mpishi. Mwenye kuuza chakula anatakiwa na sheria awe na cheti cha afya, na cheti hicho akiweke mahali kinapoonekana. Malipo ya kwanza yachukuliwe kabla ya kuvunja yai, kwa sababu huruma haijawahi kulipa deni la dukani.

Lililobaki ni la kina mama wenye mabinti. Katika masomo mengi ya upishi siku hizi msichana huanzia kwenye kupamba: maua ya sukari, rangi, na namna ya kuilaza krimu iwe laini. Ni kazi nzuri, lakini imewekwa mbele ya msingi wake. Binti na aanze na bakuli, mayai sita na mchapo, chini ya jicho la nyanya yake angali hai. Aliyejua kuuinua mkate wa mayai kwa hewa tupu hatashindwa na keki yoyote ya mtu yeyote. Aliyejua kupamba tu, siku krimu ikikosekana dukani au umeme ukikatika usiku wa kuamkia Idi, hatakuwa na cha kumwekea mgeni.